Usingizi wa Mzee Kijivu

Kwa miaka kumi na mmoja, fundi cherehani wa mtaani kwetu hakuwahi kuchukua likizo. Safari hii binti yake alimwalika kwa wiki mbili, apumzike na kumpakata mjukuu ambaye alikuwa bado hajamwona. Kilichomkwamisha ni paka wake, Mzee Kijivu, aliyelala katika kikapu cha vitambaa chini ya cherehani. Paka huyo hakupata usingizi pasipo mlio wa cherehani hiyo. Hata siku za mapumziko alilia mpaka fundi akae na kukanyaga pedali.

Fundi alijaribu kumzoesha safari. Alimfunika kikapuni, akapanda naye basi hadi kituo cha pili. Paka alilia njia nzima, na abiria wakamtazama fundi kana kwamba ameiba mtoto.

"Basi, siendi," alimwambia shemeji yake, fundi viatu wa kibanda cha jirani.

"Shemeji, unamnyima mjukuu bibi yake kwa ajili ya paka?"

"Nani atamlaza?"

Shemeji alikuna kichwa. "Haya, nionyeshe hiyo pedali."

Fundi aliondoa sindano, shemeji asije akajishona vidole. Shemeji alikanyaga kwa pupa. Paka akafumbua jicho moja.

"Polepole, kama unashona pindo."

Paka akalifumba jicho.

Siku ya tatu ya likizo, fundi alipiga simu, mjukuu akiwa mapajani.

"Usipige kelele, Shemeji," fundi viatu alimnong'oneza. "Ndiyo kwanza amelala."

Nyuma ya sauti hiyo, cherehani ilikwenda kwa mwendo wa pindo.