Shemeji na Baiskeli ya Makumbusho

Leo shemeji yangu amenishinda mbio za baiskeli mbele ya watoto wangu, na nimerudi nyumbani nikiwa na amani kabisa.

Madai yake mnayajua. Kila sikukuu anawaambia watoto kwamba biashara ya ndizi tuliianza pamoja, mimi na yeye, tukizileta kwa baiskeli kutoka Nyabusozi hadi Biharamulo mjini. Mimi namkumbuka sokoni, akinisubiri na karanga mkononi.

Sasa, makumbusho ya historia ya michezo, yale yanayozunguka na lori, yamefika mjini. Yana baiskeli ya mashindano iliyofungwa chini. Unakanyaga, barabara inapita kwenye skrini.

Nikaanza mimi. Tambarare nilikwenda vizuri.

Mlima ulipofika, pedali zikawa nzito.

Nikashuka, nikaanza kusukuma, kama enzi za ndizi.

Baiskeli haikuondoka. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Baba, hapa mlima unapandwa umekaa," dada mhudumu akaniambia kwa upole.

Akafuata mzee mmoja aliyebeba ndizi miaka ile ile. Kufika mlimani, naye akashuka.

Zamu ya shemeji. Mlima mzima amekaa, tena anapungia watu mkono. Skrini ikaandika HONGERA.

"Shemeji, umezeeka!" akanipigia kelele.

Binti yangu akamwuliza, "Mjomba, na mikungu ya ndizi ulikuwa unaipandishaje umekaa?"

Shemeji akasema anakwenda kununua maji.

Mliobeba ndizi kwa baiskeli, semeni hapa chini: mlimani mlikuwa mnakaa?

Msiogope. Yumo humu, anasoma.