Mwonjaji wa Uji wa Njugu

Kila Ramadhani, mke wa muuza nyama pale Nkubu hupika uji wa wimbi na njugu wa kufuturu, na kila alasiri humwita jirani yake Mkatoliki, Mama Mwenda, amwonjee. Hutwanga njugu taratibu, akipuliza maganda yanayomng'ang'ania vidoleni. "Tamu?" huuliza, lakini jibu halisikilizi; hutazama nyusi tu. Zisipopanda, anaongeza konzi la sukari. Mama Mwenda hushindwa kuelewa huyu mama husoma nini usoni pake, maana hajawahi kukosea.

Mwaka huu Kwaresima iliingia pamoja na Ramadhani. Kijiko kilipomkaribia, Mama Mwenda alirudi nyuma. "Nimeacha sukari mpaka Pasaka." Yule mama alikirudisha kijiko sufuriani na kufunika. Ua ulikuwa umejaa majirani wasiofunga, lakini hakumwita hata mmoja.

Jua lilipotua, Mama Mwenda alitega sikio kwenye ukuta wa mabati. Muuza nyama alikuwa akikohoa. "Hii uji ni sukari tupu! Nani ameonja leo?"

"Hakuna," mkewe akajibu. "Kunywa tu. Mama Mwenda pia amefunga."