Buibui Asiye na Utando

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau hata sasa. Nilikuwa msichana mkubwa, wa kuanza kuletewa posa, na kijiji chetu kilikuwa kando ya mto, juu kidogo ya Yanonge. Vita vilikuwa vimefika. Watu wenye bunduki walipita mtoni wakiingia kijiji hiki leo na kile kesho, nasi tukakimbilia msituni na vyungu na mikeka. Katika kibanda chetu cha majani tulikuwa watatu: mimi, papa yangu aliyenizaa, na mdogo wake, Tonton Botende. Mama hakuwepo. Alikuwa ameteremka Isangi kuuza samaki wakavu kabla njia haijafungwa, na tangu hapo hatukujua kama yu hai.

Papa alimpenda mama. Nakuambia wazi, kwa sababu wanaume wa kwetu hawakuwa na desturi ya kuonyesha, lakini yeye alishindwa kuficha. Usiku aliilalia pagne ya mama, kitenge chake cha kujifunga. Chakula alikitafuna kama mtu anayetimiza kazi.

Basi siku hiyo mvua ilitufungia ndani. Katika pembe ya kibanda buibui mmoja mkubwa, mweusi, alikuwa ametanda utando wake mzuri. Akaja mwingine, mdogo, wa manjano, mwenye miguu mirefu ya mbele iliyojaa miiba. Wewe uliyesoma biologie umenieleza juzi kwamba huo ni ukoo mzima, kwamba hawatandi utando wa kuwindia, na chakula chao ni buibui wenzao. Sisi hatukujua hayo. Tulimwona tu akisimama pembeni, akigusa uzi mmoja kwa mguu. Anagusa, anatulia. Anagusa tena kidogo, kama mdudu aliyenaswa na kuchoka. Mwenye utando akasikia, akateremka mbio kuja kula. Yule mdogo akamkumbatia kwa ile miiba, akamuuma mguu mara moja, na yule mkubwa akakauka palepale. Kisha yule mdogo akamfyonza bila haraka.

Mimi nilicheka. Nikasema huyo mkubwa ni mjinga, mwili wote ule kuuawa na kitu kidogo namna ile. Tonton Botende hakupenda.

"Usicheke," akaniambia. "Yeye alisikia mulango yake inagongwa. Wewe ungekala?"

Nilinuna, maana nilikuwa na umri wa kununa.

Nikueleze kidogo habari za lokole, kwa kuwa ninyi mmekulia kwenye simu. Ni gogo lililochimbwa ndani, lenye sauti mbili, nene na nyembamba, na kwa sauti hizo mbili watu wa kwetu walisema lolote. Kila mmoja alikuwa na jina lake la ngoma, refu, lenye jina la baba yake na kijiji cha mama yake ndani. Ukiwa mtoni ukasikia jina lako, uliacha nyavu ukaenda. Hakuna aliyeuliza ni nani anapiga, kwa sababu mpigaji alikuwa wa kwetu siku zote. Mgeni angeyajulia wapi majina hayo? Ingawa papa, kwa ukarimu wake, aliwahi kumfundisha mgeni mmoja, mnunuzi wa samaki, kijana mcheshi aliyelala kwetu msimu mzima. Jioni walikaa kwenye lokole, yule akikosea, papa akicheka mpaka anajifuta macho. Mama alikuwa akimfulia mashati.

Kesho yake mvua ilikatika, na lokole likalia kutoka kijijini. Lilimwita papa kwa jina lake lote. Likasema mke wako amefika, ni mgonjwa, njoo umchukue.

Papa alisimama kabla ngoma haijamaliza. Tonton akamshika kaka yake mkono.

"Yaya, ngojea. Maneno iko ya kwetu, lakini mukono haiko ya kwetu. Huyu mutu anatafuta neno mbele ya kupiga."

Papa alitega sikio. Nilikuwa namtazama usoni, na nakuapia kwamba alisikia kilekile alichosikia mdogo wake, maana kijiji kizima hakikuwa na sikio kama lake. Hata hivyo aliinama akachukua ile pagne ya mama, akaikunja vizuri, akaitia kwapani.

"Kama iko yeye kweli," akasema, "na mimi nimekala hapa, nitamuambia nini?"

Akaenda. Hakuniaga.

Tulisikia bunduki. Baada ya kimya kirefu lokole likaanza tena, na safari hii lilimwita Tonton. Halafu likaniita mimi, binti wa fulani, mama yako anakulilia, njoo. Mwanangu, nilikuwa najua. Bunduki nilikuwa nimeisikia kwa masikio yangu. Lakini jina lilikuwa langu na mama alikuwa wangu, na nikajikuta niko mlangoni. Tonton alinivuta, akanilaza chini, akanikalia mgongoni, mtu mzima yule, machozi yake yakiniangukia shingoni, hadi aliyekuwa akipiga alipochoka.

Baadaye alitambaa hadi nyuma ya mihogo ya kijijini akawaona wale wenye bunduki. Aliyeshika fimbo za lokole alikuwa yule mnunuzi wa samaki, amevaa shati ambalo mama alimshonea vifungo. Walipoondoka tulimzika papa, na ile pagne tukaitoa kwapani mwake.

Mama alirudi vita vilipotulia kidogo. Muda wote alikuwa Isangi, mzima, hajaumwa hata kichwa. Aliniuliza papa yuko wapi. Nikampa pagne yake. Tulikuwa tumeifua mara nyingi, lakini madoa mengine hayakutoka, na akaelewa. Sikuwahi tena kumsikia akiimba.

Sasa wewe unaniambia kuna mtu kwenye simu anayekuita kwa jina la humu ndani, jina ambalo hata shuleni hawalijui. Anasema ni ndugu, kuna kazi kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, uende peke yako na usimwambie mtu. Na mimi bibi yako nikishtuka unaniuliza, "Koko, kama haiko ndugu, jina angeijua wapi?" Ndivyo tulivyosema na sisi.

Sikukatazi kutafuta kazi. Nakuambia hivi: mtu akikuita kwa jina lako, usitazame jina, sikiliza mkono unaolipiga. Mwulize jambo ambalo hakufundishwa. Mwambie aje hapa nyumbani mchana, akae kwenye kiti hiki, anywe chai mbele yangu. Aliye wa kwetu atacheka na atakuja. Akikasirika kwa kuulizwa, mwache na hasira yake. Na moyo ukikushinda, mwanangu, kwa maana huwa unashinda hata watu wenye akili kama papa yangu, pitia kwanza kwangu. Nimezeeka, lakini uzito wa kukukalia mgongoni bado ninao.

Mungu akupe sikio la papa yangu, na miguu mizito kuliko yake.