Kima wa Chizuru Hang'atwi

Chizuru alikuwa mbishi tangu tumboni, mama yake ndivyo alivyozoea kusema. Pale Yamaguchi, kwenye kikundi cha wachezesha kima, yeye peke yake ndiye hakuwahi kumtia mnyama wake meno. Maana hiyo ndiyo mila ya kazi ile: kima akileta ukaidi, anayemfunza humwinamisha akamng'ata mgongoni, ajue mkubwa ni nani.

Sasa Donguri, kima wake, alikuwa amegoma kupanda mironjo, ile miti miwili ya kutembelea kwa juu, wiki nzima. Mzee Ogata, mkuu wa kikundi, akakaza uzi: kima asipong'atwa leo, kesho anahamia kwa mtu mwenye meno. Na Donguri huyo Chizuru alimlea kwa chupa, tangu hajafungua macho vizuri. Mdomo wake Chizuru, wapi, haukujua kunyamaza.

"Huyu ana akili, Mwalimu. Kuna kitu anakikataa. Nipe nafasi nikijue."

"Akili gani? Ya mtoto wa miaka mitatu, basi."

"Mjukuu wako si ana mitatu? Pale nyumbani nani anampeleka mwenzake puta, wewe au yeye?"

Wenzake wakaficha vicheko. Mzee hakucheka hata kidogo.

"Mwenye akili ni mtu," akasema. "Mnyama anaelewa maumivu tu. Mng'ate, au nipe kamba yake."

Akamkamata Donguri shingoni, akamkandamiza kwenye mkeka. Kima akalia kilio chembamba, macho yote kwa Chizuru. Hapo hasira zikampanda mama wa watu mpaka masikio yakawaka moto. Akapiga magoti, akainama taratibu. Kila mtu akajua yamekwisha, mbishi kasalimu amri. Mzee naye akaridhika, akasogeza mkono kidogo kumpisha.

Chizuru akaung'ata mkono ule ule. Tena si kwa mzaha, meno yalizama.

Ogata akaruka nyuma, kima akamponyoka. "Una wazimu wewe?"

"Nakufunza," Chizuru akajibu, akijipangusa mdomo. Akaichukua ile mironjo mifupi ya Donguri, akamwekea mzee miguuni. "Haya, Mwalimu. Wewe una akili kuliko kima, na umeshang'atwa. Panda."

Mzee akaitazama mironjo, akautazama mkono wake. Hakupanda. Wala kamba ya Donguri hakuidai tena, si siku ile wala baadaye.