Ng'ombe wa Ciakuthii Aliposema

Siku ya kumzika Ciakuthii, mumewe Muthamia hakudondosha hata chozi moja. Alisimama langoni kwake kule Kibirichia, chini ya Mlima Kenya, fimbo mkononi, akielekeza magari yaegeshwe wapi yasije yakakanyaga viazi. Jeneza lilipopita alivua kofia, akaivaa tena, kisha akamkaripia dereva wa pikapu aliyekuwa amepandisha gurudumu kwenye tuta. Waombolezaji walitikisa vichwa kwa heshima.

"Huyo ni mwanamume," walisema. "Roho ya jiwe."

Wiki zilivyosonga, jiwe hilo likaanza kuwaangukia watu. Muthamia aligombana na kwaya kwa kuimba polepole. Aligombana na mtangazaji wa redio, ambaye kwa bahati yake alikuwa mbali. Aligombana na jirani yake Celina aliyemletea mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, akidai kwamba mahindi yamezidi viazi na hiyo ni dharau kwa mkulima wa viazi. Celina alichukua sufuria yake akaenda zake.

Lakini taabu hasa ilikuwa Makena, ng'ombe wa marehemu. Ciakuthii alimlea tangu akiwa ndama, akimkama huku akimwimbia wimbo usio na mwisho. Baada ya mazishi Makena alibana maziwa. Muthamia alimbembeleza, akamtisha, akampa chumvi, akamsomea Zaburi. Alichopata ni kikombe kimoja na teke la gotini.

Basi asubuhi moja, baridi ya mlima ikiuma hadi mifupani, Muthamia aliitungua msumarini sweta ya mkewe akaivaa. Ni kwa sababu ya baridi tu, alijiambia. Makena aliinusa mikono yake, akatulia, na maziwa yakashuka kidogo. Kesho yake Muthamia aliongeza kitambaa cha kichwa. Haukupita muda, akawa anaingia zizini na rinda la maua, sweta, kitambaa na viatu vya mpira, akiimba kwa sauti nyembamba wimbo wa mkewe, nusu ya maneno yakimpotea.

Sasa Pasta Mwiti alikuwa na desturi ya kuwatembelea wafiwa asubuhi. Alipofika pale alisikia wimbo nyuma ya nyumba. Akazunguka, akachungulia zizini, akaona rinda analolijua, limevaliwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwombea kaburini.

"Karibu, Pasta," Muthamia alisema bila kugeuka, kwa sauti ile ile nyembamba, maana alihofia Makena angeshtuka.

Pasta hakukaribia. Lango lilikuwa mkono wa kulia. Yeye alipitia kwenye ua wa miiba, na Biblia yake ikabaki juu ya nyasi za ng'ombe.

Majirani waliokwenda kumtazama huyo mzuka walimkuta Muthamia, na habari zikafika mjini Embu kabla ya chai ya saa nne. Nelius, binti yake, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi huko, alipiga simu.

"Baba, ni kweli unavaa nguo za mama?"

"Ni nguo za kazi," Muthamia alijibu.

Simuni zikasikika kwikwi. Muthamia hakuweza kujua kama binti yake analia au anacheka, na labda hata Nelius mwenyewe hakujua.

"Jumamosi uje Embu, baba," alisema mwishowe. "Kuna semina."

Semina! Masikioni mwa mkulima, neno hilo lina ladha: mbegu mpya, soda baridi, kofia ya bure yenye picha ya mbolea. Muthamia alimwomba Celina msamaha wa haraka haraka, akamwachia ng'ombe pamoja na ile sweta, akashika njia.

Semina ambayo Nelius alimpeleka ilikuwa katika ukumbi nyuma ya kanisa. Hakuona mbegu wala kofia. Viti vilikuwa vimepangwa duara, na pembeni pakawekwa kikapu cha leso, mikoba mikuukuu na miwani isiyo na vioo. Mwanamke kijana aliyevaa raba alikuja kumpa mkono. Aliitwa Kagure, na kazi yake ilikuwa kuwatibu watu kwa maigizo.

"Kutibu nini?" Muthamia aliuliza.

"Moyo, mzee."

"Wangu ulipimwa kule Meru. Uko sawa."

"Huo ni ule wa daktari," Kagure alisema. "Mimi nashughulika na ule mwingine."

Muthamia alimgeukia Nelius kwa jicho la mtu aliyeuziwa ndama kipofu. Lakini chai ilikuwa imeshamiminwa, naye hakuwa mtu wa kuacha chai ikapoa.

Miongoni mwa waliokuwepo alikuwamo Ann, msusi wa Siakago, aliyefiwa na dada yake. Alikuwamo pia Ishmael, dereva wa lori ambaye breki zilimkatikia mteremkoni. Alitoka mzima, lakini tangu siku hiyo hakuweza hata kuketi kiti cha mbele. Kagure aliwaanzishia mchezo wa kurushiana mpira usiokuwepo. Ann alimrushia Muthamia. Muthamia hakuinua mkono.

"Mzee, umeuangusha," Ishmael alisema.

"Nimeangusha nini? Hakuna kitu."

"Si huo hapo, chini ya kiti chako."

Kabla hajajizuia, Muthamia akainama kutazama. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na midomo yake yeye mwenyewe ikataka kucheza kidogo, akaizuia.

Baadaye Kagure aliuliza nani ana jambo la nyumbani linalomsumbua. Muthamia hakusema neno juu ya mkewe. Alitoa malalamiko juu ya ng'ombe: kiburi chake, mateke yake, gharama ya chakula chake, na mambo ya rinda.

"Tuliigize hilo," Kagure alisema. "Wewe utakuwa nani?"

"Ng'ombe," Muthamia alijibu upesi. "Ng'ombe haulizwi maswali."

Hapo alikosea.

Ishmael alifungwa leso kichwani na kupewa ndoo. Yeye ndiye angekuwa Muthamia. Muthamia akashuka sakafuni kwa mikono na magoti, akaulalamikia mgongo wake, kisha akaanza kutafuna. Alitafuna vizuri mno, taya likienda upande, macho yakitazama mbali kwa dharau. Ishmael akachuchumaa kushoto kwake.

"Upande wa kulia, wewe," ng'ombe alisema. "Unataka kufa?"

Ishmael akahamia kulia, akaimba kwa sauti nyembamba. Teke likaruka, ndoo ikabingirika hadi ukutani. Ann alicheka hadi akashika mbavu.

Kagure akaja akachuchumaa mbele ya ng'ombe.

"Makena," alimwita taratibu, "kwa nini unamnyima huyu mzee maziwa?"

Muthamia alifungua mdomo ili aseme kwamba ng'ombe hasemi. Yakatoka mengine.

"Kwa sababu ananidanganya. Anavaa sweta akidhani mimi ni mjinga. Mimi najua huyu si yeye." Alitafuna kidogo. "Walimpitisha hapa kando ya zizi. Watu walikuwa wengi. Huyu mzee alikuwa anapanga magari. Hakuna hata mmoja aliyesimama akaniambia, Makena, amekufa. Kila asubuhi nasikia mlango wa jikoni, nasema, huyo anakuja. Halafu anatokea huyu na miguu yake mikubwa."

Ishmael, leso ingali kichwani, hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwishowe akamwekea ng'ombe mkono mmoja mgongoni.

"Pole, Makena," alisema. "Ni kweli, amekufa. Sikujua nianzie wapi kukuambia, ndiyo nikashika kazi ya magari."

Ndipo Muthamia alipolia. Alilia akiwa bado kwa miguu minne, kilio kizito cha kutoka tumboni, hata mlinzi wa kanisa akaja kuchungulia mlangoni. Kagure alibaki pale pale mbele yake, bila kumharakisha. Kilio kilipopungua, magoti yaligoma kunyooka, na ikabidi Ishmael na Ann wamwinue kwa makwapa kama gunia la viazi.

"Ng'ombe mwenyewe amezeeka," Muthamia alisema, kamasi zikimtiririka, na wote watatu wakacheka huku wakipangusa macho.

Wakati wa chai Kagure alimweleza kwamba kuna maneno ambayo mtu hawezi kuyatamka kwa kinywa chake, lakini akiazimwa kinywa kingine huyatamka; na akishayasikia, hayamkimbii tena. Muthamia alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama kuna chapati.

Aliporudi Kibirichia, aliingia zizini asubuhi akiwa na koti lake mwenyewe. Alivua kofia mbele ya Makena, akamweleza kwa Kimeru jinsi Ciakuthii alivyougua, alivyokufa na mahali alipozikwa. Makena alimsikiliza akitafuna. Teke la siku hiyo lilikuwepo, ila halikuwa na nguvu, na maziwa yakaongezeka polepole wiki hadi wiki. Celina alisema ng'ombe amemzoea tu. Muthamia hakumbishia, na jambo hilo lenyewe likawa habari kijijini.

Akaendelea kwenda Embu, na huko akawa taabu ya aina nyingine. Akiambiwa awe mti, anauliza mti gani, na shamba la nani. Zamu ya Ishmael ilipofika, wakapanga viti vikawa lori, na Muthamia akajitolea kuwa breki. Alilala chini akitoa milio ya chuma, naye Ishmael akamtukana breki huyo mpaka sauti ikamkauka. Kisha, taratibu, Ishmael akapanda akaketi kiti cha mbele, akakaa hapo mpaka jasho likamkauka.

Mwaka ulipotimia, ndugu na majirani walikusanyika kwa Muthamia kumkumbuka Ciakuthii. Pasta Mwiti aliongoza ibada akiwa amesimama karibu kabisa na lango. Muthamia aliomba kusema machache. Alisimulia jinsi mkewe alivyomkataa mara ya kwanza kwa sababu ya kofia yake, na alipofika hapo machozi yakaanza kumtoka mbele ya watu wote, naye akaendelea kusimulia bila kuyafuta.

Kaburu, mzee wa kanisa, alimwinamia Nelius.

"Ndiyo ile michezo ya Embu? Anaigiza?"

"Hapana, mzee. Hapo ni yeye mwenyewe."

Kaburu naye aliwahi kumzika kaka yake, zamani, kwa uso mkavu ambao watu waliusifu sana. Alitoa leso mfukoni, akapenga kamasi kwa kishindo, akaikunja vizuri.

"Nikienda huko," alinong'ona, "ni lazima mtu awe mnyama?"

"Si lazima, mzee."

"Afadhali," Kaburu alisema. "Mimi ningependa kuwa trekta."