Njia ya Kwenda Gatini

Nilipokuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo ya uwanja wa ndege, pale Kipawa, tajiri wetu alinunua kompyuta na kuiunganisha na simu. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwishoni, na kila mwenye ofisi alitaka awe nayo. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne, basi nikakalishwa mbele yake nijifunze. Wakala wetu wa Dubai, tuliyekuwa tukiandikiana naye habari za mizigo, ndiye aliyeniingiza katika mchezo.

Ulikuwa mchezo wa anga, tena usio na picha, maandishi matupu. Watu wa nchi mbalimbali, ambao sikuwahi kuwaona, walikuwa na vyombo vyao, wakizitafuta nyota ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia, na wakijenga vituo vyao huko huko angani. Kila Jumamosi mchana, kazi ikiisha, tajiri aliniruhusu nitumie simu dakika kumi. Nilituma maagizo ya wiki, nikapokea taarifa, nikaichapa na kurudi nayo nyumbani Kiwalani.

Jirani yangu alikuwa mchonga vinyago. Alikuwa na kibanda Mwenge, lakini magogo yake ya mpingo aliyaleta kwanza nyumbani kwa mkokoteni, akayakata uani kwake. Mkokoteni ulipita katika uchochoro ulio ubavuni mwa nyumba yangu. Njia nyingine hakuwa nayo.

Nilimpelekea ile taarifa kwa sababu nilishindwa kuielewa. Kituo changu kilielezwa kwa namba: chumba cha nne kimeshikana na cha pili kwa juu, cha tano kiko chini ya cha nne, na kadhalika. Nilimsomea huku akipiga msasa shingo ya twiga. Kesho yake alikuja na vipande kumi na kimoja vya mninga, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, amevitoboa na kuvitia vijiti vishikane.

"Nyumba yako hiyo," alisema. "Ila umejenga kama mtu anayekimbizwa."

Toka siku hiyo tukawa wawili. Kila Jumapili asubuhi alikuja na vipande vyake barazani kwangu, nikamsomea taarifa, akapanga. Chombo chetu kimoja alikichukua yeye. Hakutaka kununua wala kuuza, alitaka kwenda tu, tena kule ambako ramani ilikuwa nyeupe. Mara nyingi taarifa ilisema hakuna kitu.

"Hakuna kitu," nilimwambia.

"Lakini tumefika."

Aliyefika mahali wa kwanza ndiye aliyepaita jina. Yeye alitumia majina ya miti: Mpingo, Mninga, Mkongo, Mvule. Majina hayo hayakuandikwa katika ramani ya wote mpaka chombo kirudi na kutia gati katika kituo chake. Na ili kitie gati, ilibidi pawe na njia wazi, isiyo na chumba, kutoka nje hadi gatini. Kikiikosa hiyo njia, kitangoja nje mpaka mafuta yaishe, kisha kipotee na kila ulichokipata. Chombo chake kilizunguka huko miezi minane.

Mwaka huo huo niliongeza chumba nyumbani. Kiwalani nzima ilikuwa inaongeza vyumba, watu walimiminika mjini na wote walitaka pa kupanga. Mimi sikuwa na pa kuongezea isipokuwa ubavuni. Niliacha nafasi ya mtu kupita na ndoo yake.

"Umemwambia jirani?" mke wangu aliuliza.

"Nitamwambia."

"Utamwambia tofali likishakauka."

Ikawa hivyo hivyo. Jirani alirudi kutoka Mwenge akakuta ukuta umefika kiunoni. Aliwapa mafundi pole ya kazi, kisha akanigeukia.

"Jirani, mkokoteni wangu utakuwa unaruka?"

"Utapita kwa nyuma."

"Nyuma kuna choo cha watu."

"Tutaongea," nilimwambia.

Hatukuongea. Alianza kuuacha mkokoteni kwenye barabara kubwa na kubeba magogo begani, moja moja. Nilikuwa nikimwona kutoka barazani. Jumapili alikuja na vipande vyake kama kawaida, na kwa kuwa alikuja, nilijiambia kwamba mambo yamekwisha.

Katika mchezo nako nilikuwa naongeza vyumba. Wasafiri wa nchi nyingine waliomba pa kukaa kituoni, nami nilipenda kuonekana mwenye nyumba kubwa. Jumapili moja nilimsomea chumba kipya, cha kumi na nne. Alikuwa na kipande cha akiba alichokwisha kukichonga, akakizungusha mkononi.

"Hiki umekitia wapi?"

"Hapo pembeni."

"Pembeni ndiyo njia ya gati."

"Chombo si bado kiko mbali?"

"Kinarudi. Si ulituma mwenyewe? Mafuta yake ni ya Jumamosi mbili." Alikitazama kile kipande, halafu akanitazama mimi, na alikuwa anatabasamu. "Wewe karani, ndivyo unavyojenga kila mahali?"

Niliikunja taarifa.

"Nitakibomoa," nilisema.

"Kipi?" aliuliza jirani.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele mlangoni. Mkono wake ulisimama.

"Cha kwenye mchezo," nilijibu.

"Haya," alisema jirani, akaanza kukusanya vipande.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa zamu yetu ya mgao wa umeme. Ya pili niliwahi ofisini, nikamsihi tajiri anipe simu kabla ya kazi.

"Karani, leo simu yangu unaitakia nini mapema hivi?"

"Kuna mtu yuko njiani, tajiri."

Hakuuliza zaidi. Niliandika mstari mmoja, kwamba chumba cha kumi na nne kibomolewe. Yule mgeni aliyekuwa akikaa humo aliniandikia maneno makali, nami nikamwomba radhi kwa Kiingereza changu cha shule. Mchana taarifa ikaja: chombo kimetia gati, majina yote yameandikwa.

Nilimkuta jirani katika ule upenyo, gogo begani. Alilitua, akaliegemeza kwenye ukuta wangu. Nikamsomea majina, moja baada ya jingine.

"Yote?"

"Yote."

"Basi vizuri." Aliweka kiganja ukutani. "Kule kubomoa kumechukua muda gani?"

"Mstari mmoja."

"Mstari mmoja," alisema.

Aliinua gogo. Alikuwa na desturi ya kulitupa begani mara moja na kuondoka, lakini siku hiyo alilisogeza huku na huku, akaliweka sawa, akaliweka sawa tena. Alikuwa ananipa nafasi. Mpangaji alikwisha kuingiza kitanda chake, nilijiambia. Siwezi kumtoa mtu. Yule wa angani nilikuwa nimemtoa asubuhi ile ile.

"Haya, tutaonana," nilimwambia.

Haukupita mwaka akauza nyumba, akahamia upande wa Temeke, alikopata kiwanja chenye nafasi. Siku ya kuondoka aliniletea kituo chote katika mfuko wa unga. Kipande cha kumi na nne alinipa mkononi, peke yake.

Chumba nilikuja kukibomoa, miaka mingi baadaye, mke wangu alipokuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nilikwenda Mwenge mara mbili kumtafuta jirani nimwambie. Kibanda kina mtu mwingine, na hakumjua. Siku ile pale ukutani, gogo likiwa begani kwake, ningeweza kumwambia nitakibomoa.

Katika nyumba yake anakaa kijana mwenye pikipiki. Hajui kwamba uchochoroni anamopita palikuwa na ukuta. Akinikuta nimekaa barazani hupunguza mwendo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," namwambia. "Pita."