Shimo la Kabine Kando ya Uzio Wetu

Nikiwa mtoto, kabla sijajua hata kusoma saa, nilikaa siku kadhaa nikingoja kufa. Tuliishi upande wa Kasapa, hapa Lubumbashi, na kilichonitia hofu hiyo ni kazi ambayo majirani wote wa avenyu yetu waliifurahia: kabine ya umeme ilikuwa inahamishwa.

Kabine ni ile nyumba ndogo ya matofali yenye transfoma ndani. Ya zamani ilijengwa bondeni, na kila mvua kubwa maji yaliingia, ikatoa cheche, kisha tukabaki gizani. Basi watu wa umeme wakachagua mahali palipoinuka, nje tu ya uzio wetu. Wakapiga vigingi, wakavuta kamba, wakachora kwa chokaa mahali pa msingi na njia ya mtaro wa kebo.

Nkambo, bibi yangu mzaa mama, alipoiona ile chokaa alitua beseni la mihogo chini. Akamwambia mama kwa sauti ndogo, nami nikasikia, "Ni pale nilizika vitovu ya mapasa. Bakipachimbua, ule alienda ataita mwenzake."

Mwenzake ni mimi. Ninaitwa Kabange, pacha wa pili. Kaka yangu Kyungu alitangulia kuzaliwa na akatangulia kufa, kabla hatujaweza hata kukaa. Nyumbani jina lake halikutajwa. Kwetu, watu waliotoka Mitwaba, pacha akifa haliliwi. Ukimlilia unamfungulia yule aliyebaki njia ya kumfuata. Mama hakulia hata siku ya kumzika. Alikuwa mtu wa misa kila Jumapili, lakini agizo hilo alilishika.

"Mama, ile mambo iliisha," mama alimjibu Nkambo.

Vibarua walipoanza na sururu, kila pigo nililisikia kitovuni. Nilijikunja kitandani, nimekishika kwa mikono miwili. Chakula hakikupita. Kisha homa ikanipanda kweli. Mama aliponigusa paji la uso akamtazama Nkambo, na machoni mwake nikaona kwamba na yeye sasa ameamini. Hapo ndipo nilipoogopa sana.

Nkambo akajifunga kitenge, akachukua sahani, akatoka. Mama akanibeba, tukamfuata. Msimamizi wa kazi alikuwa Papa Saleh, mtu wa Maniema, kofia yake nyeupe imejaa vumbi.

"Papa, simamisha kazi kidogo," Nkambo alimwambia, kisha akamweleza yote.

"Mama, béton ya msingi inakuya leo. Nikisimamisha, bantu ya avenyu balale mu giza?"

"Sikatalie kuchimba. Niko naomba tu udongo yabo. Nikaiweke fasi ingine."

Papa Saleh alinitazama nilivyofungwa kwenye blanketi. "Ni huyu?"

"Ni huyu."

Akawageukia vibarua. "Mutoke mu shimo, bote."

Akashuka mwenyewe, na pale Nkambo alipomwonyesha akateka udongo kwa mikono, akaujaza kwenye ile sahani. Hakukuwa na kitovu, bila shaka. Ulikuwa udongo mwekundu na vijizizi. Nkambo akanipaka pemba, ule udongo mweupe wa mila, kwenye paji, akainama juu ya sahani, akatuita kwa majina, mimi na Kyungu.

Mama aliposikia jina lile aliketi juu ya lundo la udongo, mimi nikiwa bado mikononi mwake, akaanza kulia.

"Usilile!" Nkambo alipiga kelele. "Unamuua huyu!"

Mama hakuweza kunyamaza. Nilimziba mdomo kwa kiganja changu na machozi yakapita katikati ya vidole. Nilijua sasa njia imefunguka. Papa Saleh alisimama na ile sahani, hajui aangalie wapi.

"Alikuwa na sauti kubwa," mama alisema. "Kupita ya huyu."

Udongo tuliuzika nyuma ya jiko, na jioni ile ile béton, zege ya msingi, ikamwagwa. Nililala nikijua sitaamka. Niliamka. Asubuhi zilizofuata nilishangaa kila nilipofungua macho, mpaka homa ikaisha na mshangao nao ukaisha. Nkambo hakukubali kwamba alikosea. Alisema Kyungu alisikia ameitwa, akatulia.

Sasa na mimi ni mama, na siwezi kumcheka. Alitaka kuniokoa kwa njia aliyoijua. Lakini mama naye alikuwa mtoto wake, na miaka yote ile alimeza kilio chake ili mimi niishi. Baada ya siku ile alianza kunisimulia, akinisuka nywele: jinsi Kyungu alivyolala kwa ubavu, jinsi alivyonyonya kwa pupa na kuninyang'anya zamu. Watu wakiniuliza tumezaliwa wangapi kwa mama, namhesabu na yeye.